Kapiteni Jafari Anatia Shamba Chokaa

Kapiteni Jafari hakuwahi kupanda hata mche mmoja wa kitunguu mpaka alipotimiza miaka hamsini na tisa, na siku alipoanza kulima, alianza kwa kulifokea shamba.

Alikuwa mtu wa maji. Alizaliwa Baraka, nyumba ya tatu kutoka msikitini, na ujana wake wote aliumalizia katika boti ya mjomba wake, akikumba maji kwa kopo la rangi. Baadaye akawa nahodha mwenyewe. Miaka ishirini na saba alipita kati ya Baraka, vijiji vya Ubwari na Kalemie. Alibeba chumvi, saruji, mabibi harusi na ngoma za kwaya, na siku moja akabeba fahali kutoka Bibokoboko, kule milimani. Fahali huyo alilalia mkoba wa afisa wa forodha mpaka Kalemie, na hakuna aliyethubutu kumwamsha, afisa mwenyewe akiwa wa kwanza kutothubutu. Katika chombo cha Jafari neno la nahodha lilikuwa moja tu. Abiria aliyesimama bila ruhusa aliketishwa kwa filimbi.

Kisha ziwa likapanda. Miaka ile maji yalimeza gati na vibanda vya ufukweni, yakameza na uwanja wa mpira wa Lweba, milingoti ya goli ikabaki imechungulia juu ya maji kama wavuvi wanaooga. Magoti ya Jafari nayo yakaanza kulia kama bawaba kavu. Akauza mashine ya boti, akahamia Lweba kwa mke wake Kulthumu, akawa mtu wa kukaa barazani na kuwaelekeza kuku njia ya kupita.

Kulthumu alivumilia wiki tatu.

"Baba Munira," alimwambia, kwa kuwa Munira ndiye mtoto wao mkubwa, aliyeolewa Uvira, "shamba ya marehemu mama iko inalala tu. Nenda ukaiamushe. Kuku yangu imechoka kuongozwa."

Basi Jafari akaenda. Shamba lilikuwa nusu hekta, tambarare, nyuma kidogo ya kijiji. Upande wa mlimani akauita omo, kama mbele ya chombo, upande wa ziwani akauita tezi, kama nyuma yake, na akapanda maharagwe kwa kamba iliyonyooka kiasi kwamba wapita njia walisimama kutazama. Mbegu zilipochomoza alizikagua kila asubuhi, mikono nyuma.

"Ninyi wa mustari wa pili!" alifoka. "Munainama juu ya nini? Simameni!"

Maharagwe hayakusimama. Yalifika urefu wa kiganja, yakageuka manjano kama meno ya mvuta tumbaku, yakakaa hapo hapo yakingoja kufa kwa adabu. Msimu wa kwanza alivuna beseni moja. Msimu wa pili alivuna kilichomfanya Kulthumu atafute sufuria ndogo zaidi, na hata hiyo ndogo ikabaki na nafasi.

Kilichomuuma zaidi ni shamba la jirani. Ng'ambo ya ukingo wa majani alilima mama mmoja mjane, jina lake Kabanyana, aliyeshuka kutoka Bibokoboko na mwanawe Gad na ng'ombe wanne. Maharagwe ya Kabanyana yalimfika mtu kiunoni, yamekolea kijani mpaka yanakaribia weusi. Mvua ileile, jua lilelile, kati yao hatua nne!

Jafari hakuuliza. Nahodha haulizi njia. Alichukua darubini yake ya botini, akajificha ndani ya mihogo, akamwangalia mama wa watu. Akamwona anabeba kitu cheusi katika beseni, anakitia chini kiganja kwa kiganja, na midomo yake inatembea. Mama alikuwa akiimba wimbo wa kanisani. Lakini darubini haina masikio, na jioni ile Jafari aliwaambia watu wa kibanda cha chai:

"Ule mama iko na dawa ya kilima. Mi nimeona na macho yangu. Nyeusi!"

Maneno hayakawii kufika. Kabanyana hakukasirika, au kama alikasirika alikuwa na namna yake. Tangu siku ile, kila alipomwona Jafari alipaza sauti isikike mpaka barabarani: "Jambo Kapiteni! Dawa yangu inakusalimia!" Jafari alikuwa akijifanya anatazama mawingu.

Mwezi wa nane wa mwaka uliofuata akaja Félicité. Alikuwa agronome, mtaalamu wa kilimo, wa chama kimoja cha wakulima cha Baraka, msichana mwenye buti za mpira na begi lililojaa vikombe. Kulthumu ndiye aliyemwita, bila kumwambia mumewe. Félicité akachimba udongo pembe nne na katikati, akauchanganya, akachukua kijiko kimoja cha udongo huo na kukikoroga katika maji safi, akangoja utulie, akachovya karatasi nyembamba. Karatasi ikageuka rangi ya chungwa iliyoelekea wekundu. Akailinganisha na rangi zilizochorwa juu ya kijitabu chake, akatikisa kichwa.

"Papa Jafari, udongo yako iko na asidi. Mingi sana."

"Nani ameitia?"

"Hakuna muntu ameitia. Mvua inaosha udongo miaka na miaka, inabeba ile kintu inapoza asidi. Na hapa bamelima muhogo tangu zamani, banatoa tu, habarudishi kitu. Udongo inakuwa muchachu. Chakula ya maharagi iko mule ndani, lakini asidi imefunga mulango. Mizizi inapiga hodi, hakuna anafungua."

Jafari akatazama upande wa Kabanyana, akamshika Félicité kiwiko na kumsogeza kando, mithili ya mtu aliyeambiwa na daktari jambo la aibu mbele ya foleni.

"Sema pole pole, binti yangu. Jirani bako na masikio. Hii ugonjwa iko na dawa?"

"Iko. Chokaa ya mashamba. Si ile ya kupaka nyumba, hapana, hii ni jiwe banasaga. Chama itakupa mifuko kumi na tano ya kujaribu. Sikiliza muzuri, papa. Inatandazwa shamba nzima, sawasawa, kama chumvi juu ya samaki. Kisha unachanganya na jembe, kina kama kiganja na nusu. Kisha unangojea mwezi moja mbele ya kupanda. Na chokaa peke yake haitoshi, unapashwa kutia mbolea ya ng'ombe yenye imeoza muzuri, kwa sababu udongo yako imechoka, haina kitu cha kushika maji..."

Sasa, wote waliowahi kusafiri na Jafari walijua tabia yake. Yeye alisikiliza mwanzo wa maneno. Mwisho wake alijimalizia mwenyewe. Aliposikia "chokaa" na "kumi na tano" alianza kuitikia kwa kichwa, na Félicité alipofika kwenye jembe, Kapiteni alikuwa ameshafika mbali, anapanga kichwani namna ya kuipakua mizigo.

"Nimesikia, binti yangu. Yote."

Mifuko ililetwa kwa boti Jumamosi asubuhi. Jafari akampeleka Kulthumu nyumbani, akasema kazi hii inataka mtu mmoja mwenye akili iliyotulia, akafunga kitambaa puani na kuanza.

Ili kulitendea haki jambo hili, ni lazima ieleweke kwamba kila alichofanya siku ile kilikuwa na sababu. Alianza kwa kuchomeka miti miwili mirefu upande wa omo na miwili upande wa tezi, apate pa kufungia kamba yake. Kisha akawaza: asidi ni adui, na adui huzuiwa mpakani. Kwa hiyo alimwaga chokaa mstari mmoja mnene kuzunguka shamba lote, pande zote nne, upana wa mkono mzima, isije ikavuka asidi nyingine kutoka kwa watu. Akawaza tena: chombo kikubwa kina ukuta katikati, tezi ikiingia maji omo isizame. Akapitisha mstari katikati ya shamba. Kwenye ile miti, omo na tezi, udongo ulionekana mbaya kuliko kwingine, akaufungia ndani ya maboksi mawili mawili ya chokaa, kubwa na dogo. Mfuko wa mwisho ulipobaki nusu alikuwa amesimama katikati kabisa, magoti yamekataa, jua limemchoma. Akageuka taratibu palepale alipo, mfuko umeinama mkononi, mpaka chokaa ikaisha. Likatokea duara.

Akarudi nyumbani mweupe kama aliyefufuka. Alikuwa na furaha.

"Umechanganya na jembe?" Kulthumu alimuuliza, kwa maana yeye siku ile ya Félicité alikuwa amesimama nyuma yao, anasikiliza.

"Mama Munira, dawa inajua njia yake."

Jumapili alasiri alikuwa barazani anakunywa chai ya tangawizi aliposikia ngoma. Ngoma ikafuatwa na vuvuzela, vuvuzela ikafuatwa na pikipiki zisizopungua ishirini zikipiga honi, na nyuma yake wavuvi wanaimba, wamevaa jezi za rangi saba tofauti. Mbele yao alitembea chefu, mkuu wa kijiji, na kikuza sauti chake begani.

Tangu ziwa limeze uwanja, timu ya wavuvi na timu ya motari, yaani vijana wa pikipiki za kubeba watu, hawakuwa na pa kuchezea. Walikuwa wamebaki kutukanana tu, jambo ambalo si zuri kwa afya. Na asubuhi ile mtu mmoja alipita njia ya shamba akaona uwanja. Uwanja kamili! Mistari, maboksi, duara la katikati, na milingoti imeshachomekwa!

"Papa Jafari!" Chefu alinguruma kwenye kikuza sauti, ingawa walikuwa mita mbili. "Baserikali bametuahidi uwanja, hatujaona. Wewe haukuahidi kitu. Umefanya! Na umenyamaza, kama muntu mukubwa! Lweba nzima inakushukuru!"

Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akapiga vigelegele. Ibrahim, kapteni wa wavuvi, alimkumbatia Jafari mpaka chai ikamwagika, na Dany, kapteni wa motari, akamvalisha skafu.

Jafari alifungua kinywa. Alitaka kusema ile ni dawa, lile ni shamba, miti ile ni ya kamba. Lakini angesema hivyo, ingebidi aeleze ugonjwa wenyewe mbele ya kijiji kizima, na palikuwa na mtu amesimama nyuma ya umati, mrefu, amefunga kitenge cha bluu, anatabasamu. Ni Kabanyana. Kinywa kikafungwa.

"Karibuni," alisema Kapiteni, kwa sauti ya mtu anayemezeshwa ndimu.

"We ni albitri, mwamuzi yetu!" Dany akapiga kelele. "Nani mwingine iko na filimbi?"

Mechi ikaanza. Kila mchezaji alipokanyaga mstari, kiwingu cheupe kiliruka. Motari walikuwa na mbio, wavuvi walikuwa na mabega. Watazamaji walikaa pembeni wakila karanga na kutupa maganda, wakila miwa na kutema makapi, na Jafari alikimbia katikati yao na filimbi mdomoni, moyo umevunjika. Dakika ya thelathini Ibrahim akafunga bao. Jafari hakuliona. Alikuwa anatazama jinsi buti la Ibrahim lilivyochimba boksi la omo.

Wakati wa mapumziko pikipiki moja ilisimama ukingoni, akashuka Félicité. Alikuwa amepita kuangalia kazi inaendaje. Alitazama uwanja, akatazama wachezaji weupe mpaka magotini, akamtazama Jafari mwenye skafu. Akakaa chini kwenye majani akacheka mpaka begi lake la vikombe likalialia.

"Binti yangu, usinicheke," Jafari alisema kwa unyonge. "Sema tu. Shamba imekufa?"

Félicité akajipangusa machozi, akasimama, akaenda kwenye duara, akapekua udongo kwa ncha ya buti.

"Papa, haijakufa. Lakini tazama. Chokaa yote iko mu mistari. Hapa iko mingi kupita kiasi, pale katikati haiko hata kidogo. Mi nilisema itandazwe, ichanganywe. Ona pahali hii, miguu yao imesaidia, imeanza kuingia mu udongo. Hii bantu bote, kama bangekuwa na majembe..."

Akaacha hapo, kwa kuwa alikuwa anatania. Lakini safari hii Jafari alikuwa amesikiliza. Aliwatazama wale vijana ishirini na wawili wamelala chini wakinywa maji, mabega kama milango, mapaja kama magogo. Kitu fulani kikaamka ndani yake, kitu kilichokuwa kimelala tangu siku alipouza mashine ya boti. Alimwita Kulthumu, akamnong'oneza. Kulthumu akamkazia macho, kisha akaondoka mbio kuelekea kijijini, kanga inapepea. Alirudi na akina mama wanane na majembe thelathini.

Jafari akachukua kikuza sauti cha chefu.

"Tangazo! Kipindi ya pili iko na sheria mupya! Hakuna kadi ya manjano. Hakuna kadi ya nyekundu. Muchezaji akifanya kosa, anapewa jembe! Analima mustari mita kumi, anatandaza ile nyeupe vizuri kushoto na kuume, kisha anarudi kucheza!"

Watu wakashangilia. Walidhani ni sheria za kimataifa.

Kosa la kwanza lilikuwa halali: motari mmoja alimvuta mvuvi suruali. Akapewa jembe, akalima, watazamaji wakamhesabia mita kwa sauti. La pili pia halikuwa na ubishi. Lakini dakika ya sitini Kapiteni akanogewa. Alimpigia filimbi mlinzi wa wavuvi kwa kusimama ovyo. Alimpigia mwingine kwa kupumua mbele ya albitri. Dany akatabasamu, akapigiwa filimbi.

"Mi nimefanya nini, papa?"

"Umefurahi bila ruhusa. Jembe! Nenda tezi, kule hakujalimwa hata kidogo!"

"Tezi ni wapi?"

"Kuuliza! Mita kumi zingine!"

Kipa wa motari alikuwa amesimama golini kwake, hajagusa mpira nusu saa. Akapigiwa filimbi kwa uvivu. Watazamaji waliocheka wakapigiwa filimbi kwa kucheka, na baadhi yao wakaingia kulima kwa hiari kwa sababu jembe la kushindana lina utamu wake. Motari wakalima upande wa tezi, wavuvi upande wa omo, kila kundi likitaka kumaliza kwanza. Kufikia dakika ya sabini na tano walikuwa wamebaki wachezaji wawili tu wanaocheza mpira, Ibrahim na mtu wa motari aliyekuwa kiziwi kidogo.

Hapo chefu wa kijiji akaingia uwanjani kudai kikuza sauti chake.

Filimbi ikalia.

Hata mbuzi walinyamaza. Jafari mwenyewe alishtuka alipoona ni nani aliyempigia, lakini nahodha hageuzi usukani katikati ya wimbi.

"Umeingia bila kubadilisha muchezaji," alisema. "Jembe."

Chefu akavua koti lake, akampa Kulthumu, akakunja mikono ya shati. "Mi nililima kabla haujajua boti," alisema, akainama, na jembe lake likaingia ardhini kwa kishindo ambacho wazee wa Lweba bado wanakieleza. Alilima mita hamsini bila kuinuka. Aliimbiwa.

Jua lilipogusa milima, shamba lote lilikuwa limepinduliwa. Hakuna mstari uliobaki, hakuna duara, hakuna boksi, udongo tu uliolegea wenye vumbi jeupe ndani yake kama chumvi juu ya samaki. Kuhusu matokeo ya mechi, wavuvi wanasema walishinda bao moja kwa sifuri. Motari wanasema bao ambalo albitri hakuliona halihesabiki. Mpaka leo halijaamuliwa.

Watu walipoondoka, Kabanyana alivuka ukingo.

"Kapiteni," alisema, "umefungua mulango. Sasa ndani utakula nini?"

"Namna gani?"

"Ule mutoto wa Baraka alikuambia mbolea. Mi nilisikia mpaka kwangu, kwani yeye haiko mutu wa kuongea pole pole. Chokaa bila mbolea ni bugali bila mboga. Ile kintu nyeusi yenye uliona na miwani yako ya muhogoni, unajua ni nini?"

Jafari akajikohoza. Hakujua kwamba alionekana.

"Ni mavi ya ng'ombe, Kapiteni. Na majivu ya jikoni, na majani. Ninafunika na majani ya migomba miezi mitatu, ninamwagilia maji kidogo, ninageuza. Inapikika yenyewe. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake. Nikuulize: mwaka muzima umesema kwa bantu mi niko na dawa. Je, haungekuja tu kuniuliza?"

Kapiteni alitazama miguu yake iliyokuwa myeupe. Aliwahi kupita dhoruba tatu, na hakuna iliyokuwa nzito kama swali lile.

"Mama Gad," alisema, "nilikosa. Nisamehe."

"Mi nimesamehe. Lakini uliongea mbele ya bantu."

"Nitarekebisha mbele ya bantu. Sasa hivi!"

Na kwa kuwa kikuza sauti cha chefu kilikuwa bado shingoni mwake, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kutimiza neno palepale, alipanda juu ya kichuguu akaelekea kijijini, akanguruma:

"Tangazo! Bantu bote ba Lweba! Nilisema uongo! Mama Kabanyana hana dawa! Iko na mavi tu! Mavi mingi sana, ya muzuri!"

Sauti ilikwenda mpaka ziwani, ikagonga maji ikarudi. Kabanyana alijishika mdomo kwa mikono miwili, akapiga magoti, akaketi kabisa kwenye udongo mpya, mabega yanatetemeka. Jafari aliteremka haraka akidhani amemuua kwa aibu. Mama alikuwa anacheka hivi kwamba hakuweza kuomba msaada.

Kesho yake Gad alifungua lundo. Wiki nzima Jafari alibeba beseni kichwani, kofia ya unahodha juu, akienda na kurudi hatua zile nne, na Kulthumu nyuma yake akihakikisha kwamba hamwagi mistari. Kabanyana hakutaka malipo. Alitaka kitu kimoja tu: mabua ya maharagwe na majani yote ambayo Jafari alikuwa na tabia ya kuyachoma kila msimu, yaletwe kwake ili ng'ombe wapate kula, na kitakachotoka nyuma ya ng'ombe kigawanywe. Jafari aliona ni mkataba bora kuliko yote aliyowahi kusaini.

Walipanda mwanzo wa mwezi wa kumi, mvua ilipoanza kunyesha vizuri. Safari hii Kapiteni hakufoka. Kulthumu alimkataza. Maharagwe yakachomoza, yakafika kiganja, na siku hiyo Jafari hakulala mchana kwa hofu. Yakapita kiganja. Yakafika goti. Mahali pamoja tu, katikati pale alipokuwa amegeuka na nusu mfuko wa mwisho, palibaki na miche iliyopauka, na Félicité akamwambia kwamba chokaa ikizidi nayo hufunga mlango, kwa hiyo asije akaongeza hata kiganja kimoja bila kupima tena. Jafari alimwomba arudie maneno hayo, akayaandika ukutani kwa mkaa.

Tatizo lilikuwa timu. Jumapili moja walikuja na mpira wao wakakuta uwanja umeota. Ibrahim alitaka kulia. Lakini mama Pulchérie, mwenye shamba kando ya njia ya Baraka, alikuwa amesikia habari yote. Naye Félicité alikuwa amempimia udongo, karatasi ikageuka chungwa. Akawaita. Akachora mistari mwenyewe kwa chokaa yake, akakopa majembe, akatuma mtu amwite albitri. Baada yake akaita mwingine, na mwingine. Tangu hapo wavuvi na motari wamecheza mechi tisa katika mashamba tisa, na hakuna hata moja iliyofika dakika ya tisini.

Kulthumu alivuna mwezi wa kwanza. Yalikuwa mengi, majirani walikuja kusaidia kupura, na vijiti vilisikika siku mbili. Siku ya tatu alipika sufuria kubwa, maharagwe na mawese na ndakala, dagaa wa ziwani, za kukaanga pembeni. Kabanyana akaleta maziwa katika kibuyu, Gad akaleta mwenzake mmoja ambaye hakuna aliyemwalika. Jafari alikula sahani ya kwanza kwa haraka. Ya pili aliisifia. Katikati ya ya tatu aliegemea ukuta, kijiko mkononi, akapitiwa na usingizi hapo hapo, mdomo wazi.

Kulthumu akamtoa kijiko, akamfunika kanga, akamgeukia Kabanyana.

"Tumuache, akisikia ataita timu na filimbi," alisema. "Tutembee mi na we tukaone muhogo yangu ya kule juu. Majani yake haipendezi kabisa."